Mtoto amepona, mimi bado nakesha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34 na watoto wawili. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Miaka miwili iliyopita, binti yangu mdogo akiwa na miaka mitatu, alishikwa na degedege usiku. Homa ilipanda ghafla, macho yakageuka, akakakamaa, kisha akaanza kutikisika mikononi mwangu. Baba yao alikuwa safarini. Nilitoka mbio na khanga moja hadi barabarani, nikapata bodaboda. Hospitali walikuta sikio ndilo limepata maambukizi, wakamtibu. Daktari alinieleza kwamba degedege la homa huwapata watoto wengi wa chini ya miaka mitano, na mara nyingi halidhuru ubongo. Na kweli, halijarudi tena. Sasa anasoma chekechea, kutwa anaimba.

Lakini mimi, Shangazi, tangu usiku ule sijatulia. Nikiwa kwenye cherehani, bila sababu yoyote, moyo unaanza kwenda mbio, kijasho chembamba kinanitoka, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi hadi siwezi kutunga uzi. Tumbo limevurugika. Usingizi ni wa mang'amung'amu. Simu ikilia saa za shule nahisi ni habari mbaya.

Nimepima malaria, presha, sukari, homoni za tezi ya shingo, hata moyo kwa ile mashine ya kubandikwa nyaya kifuani. Vyote vizuri. Daktari wa mwisho alikaa na mimi karibu nusu saa, ndiye wa kwanza kunisikiliza. Alisema nina ugonjwa wa wasiwasi. Ndani yetu kuna mfumo wa fahamu unaojiendesha wenyewe: upande mmoja unauamsha mwili penye hatari, mwingine unautuliza hatari ikipita. Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakimbia, pumzi zinakuwa fupi, damu inaenda kwa wingi kwenye misuli. Hiyo ndiyo iliyonipa miguu usiku ule. Kwangu upande wa kuamsha umezoea kuwaka, na kitu kidogo tu kinauwasha. Kwa hiyo mapigo ninayoyasikia ni ya kweli, siyaigizi. Nililia pale pale ofisini kwake, maana nilishaanza kujiona mwongo.

Alinifundisha kuvuta pumzi kwa pua, kisha kuitoa polepole kuliko nilivyoivuta, kwamba hapo neva iitwayo vagasi inaupunguza moyo kasi. Inanisaidia, ila kwa dakika chache. Akashauri nionane na mtaalamu wa saikolojia, na kama haitatosha kuna vidonge vya kumeza kila siku, ambavyo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu.

Nyumbani ndipo pagumu. Mama mkwe anasema vipimo vikiwa safi basi ni mkono wa mtu, twende kwa mganga. Mume wangu ananipenda, hilo sina shaka nalo, lakini kusikia vidonge alikunja uso: "Unataka watu waseme mke wangu ni wa Mirembe?" Yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Tangu siku hiyo hatujalizungumza. Ibada sijaacha, na naamini Mungu ananisikia. Ila nadhani hata daktari yule ni sehemu ya majibu yake.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Kila usiku huamka mara nne, mara tano, nikaweka kiganja puani kwa mtoto kuhakikisha anapumua. Wiki iliyopita alifumbua macho, akaushika mkono wangu, akauliza: "Mama, leo nitakufa?" Ana miaka mitano, Shangazi. Hofu hiyo hakuzaliwa nayo, ameipata kwangu.

Nataka kwenda kwa huyo mtaalamu. Je, niende kimya kimya kwanza, halafu mume wangu aone mabadiliko, au nimwombe tuongozane ili daktari amweleze kama alivyonieleza mimi? Mama mkwe nimjibu vipi bila kumvunjia heshima? Na binti yangu nimwambie nini usiku, akiamka tena akakuta mkono wangu usoni kwake?

Wako,
Mama wa Watoto Wawili, Morogoro