Udzungwa si volkano

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa elimu ulieleza vizuri jinsi Bara Hindi lilivyogongana na Asia, Himalaya ikanyanyuka, na mito yake ikatandaza tambarare za Ganges. Kilichoniuma ni mstari wa mwisho, kwamba milima ya kwetu imetokana na volkano. Kilimanjaro na Rungwe, sawa. Milima ya Udzungwa, hapana.

Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, Udzungwa iko mkono wa kulia, imesimama kama ukuta. Miamba yake ni ya kale mno, ilipikwa na kugandamizwa chini sana ardhini. Himalaya ni mabamba, yaani vipande vikubwa vya ganda la dunia, kugongana. Huku kwetu yanaachana, milimita chache kwa mwaka. Ardhi ikivutwa hivyo hupasuka. Upande mmoja wa ufa ukapanda, ndio Udzungwa, na kilele cha Luhombero kinapita mita 2,500. Wa pili ukazama, ndilo Bonde la Kilombero. Hapa Ifakara hatufiki hata mita 300.

Bonde lililozama lingebaki shimo kama si mito. Masika iliyopita nilichota maji ya mto Lumemo kwa chupa, nikaiacha dirishani. Asubuhi mchanga ulikuwa umekaa chini, juu yake mchanga laini zaidi, na juu kabisa tope laini kama uji, lenye chembe za ulanga, yale madini ya kung'aa, zikimetameta. Ule ni mlima wenyewe ndani ya chupa, Mhariri. Mto ukishuka Udzungwa una nguvu za kubingirisha mawe. Ukifika tambarare unapungua mwendo, unayatua mawe kwanza, kisha mchanga, na tope linasafiri hadi katikati ya bonde. Ndiyo maana jembe la anayelima chini ya mlima hugonga kokoto, na wa kule bondeni huzama kwenye tope analopandia mpunga. Linalobaki huendelea na mto Rufiji hadi baharini, likajenga delta inayoshikiliwa na mikoko.

Nimefundisha jiografia miaka mingi. Wanafunzi wangu walichora Ganges bila kukosea, lakini hakuna aliyejua kwamba udongo wa shamba la mama yake ulishuka kutoka mlima ule ule anaouona dirishani. Kosa hilo lilikuwa letu walimu, maana tulifundisha kitabu tu.

Naomba mrekebishe mstari ule, na toleo lijalo mwandike habari za Kilombero.

Mwalimu mstaafu,
Ifakara