Kidonge kilekile, bei mbili

Juzi mzee mmoja wa Ujiji aliweka boksi tupu la Norvasc, dawa ya presha, juu ya kaunta ya duka letu la dawa hapa Mwanga, Kigoma. "Nipe hizi, mwanangu, lakini za siku kumi tu." Nikamuuliza, na siku ishirini zinazobaki? Akacheka. Kumbe alikuwa anameza leo, kesho anaruka, ili pesa ifike mwisho wa mwezi. Nikampima presha. Haikuwa ya kuchekea.

Nikamtolea boksi jingine la amlodipini, miligramu 5 zilezile, kwa bei ya chini mno. Akaligeuzageuza, akanirudishia. "Hii ya Wahindi. Mimi nataka yenyewe."

Mzee wangu, yenyewe ndiyo hiyo. Amlodipini ndiyo dawa. Norvasc ni jina ambalo kampuni ya Pfizer iliipa. Glucophage ya kisukari nayo ni metformini. Mbona ukiomba panadol ukapewa parasetamoli ya kiwanda kingine unameza tu, na kichwa kinapoa?

Anayegundua dawa hupewa hataza, kwa kawaida miaka 20, ya kuizalisha peke yake. Humo ndimo anamorudisha gharama za utafiti, na faida juu yake. Muda ukiisha, viwanda vingine vinaruhusiwa kutengeneza, na bei inashuka kwa sababu wauzaji wameongezeka. Wahindi walianza mapema: sheria yao ya mwaka 1970 ililinda njia ya kutengeneza dawa, haikulinda dawa yenyewe, wakaendelea hivyo hadi 2005. Ndiyo maana mwaka 2001 kampuni ya Cipla iliweza kutangaza dawa za kufubaza VVU kwa dola 350 kwa mgonjwa kwa mwaka, wakati wenye majina makubwa walikuwa wakiziuza zaidi ya dola 10,000. Kwa hiyo nikisikia "ya Wahindi" ikisemwa kwa dharau, huwa nauma midomo.

Bei ya chini haina maana ya dawa feki. Dawa feki zipo, na mara nyingi utazikuta kwenye mabegi ya wanaozungusha dawa ndani ya mabasi na kwenye magulio. Dawa halali imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya serikali inayodhibiti dawa, iwe ya bei kubwa au ndogo.

Kuna jambo moja sitaki mlikosee. Wenye kifafa, na wanaotumia wafarini ya kuzuia damu kuganda, msihame kiwanda bila kumwambia daktari. Kwa dawa hizo tofauti ndogo mwilini inaweza kuleta shida kubwa. Nikikataa kukubadilishia, usidhani nataka uchukue ya ghali.

Halafu kuna safari. Mnajua dagaa wa Kibirizi: hapa mwaloni bei ya kawaida, wakifika Dar es Salaam wamekuwa kama dhahabu. Dawa zinapita njia hiyohiyo kinyumenyume. Nyingi zinatoka nje, zinalipiwa kwa dola, zinashukia bandarini, zinapita kwa muuzaji wa jumla, kisha zinavuka nchi nzima mpaka huku ziwani. Shilingi ikiyumba, boksi lile lile la mwezi jana linarudi na bei nyingine, na mimi ndiye ninayetazamwa kwa jicho baya.

Hospitali ya serikali inaweza kuwa nafuu kuliko sisi kwa sababu Bohari ya Dawa, MSD, hununua kwa wingi kwa ajili ya nchi nzima, na mwenye mzigo mkubwa ndiye anayesikilizwa bei. Mimi naagiza maboksi machache; nani atanipunguzia? Kama dawa yako ipo hospitali ya Maweni, ichukue huko, sitakununia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, lakini wengi wanaofika kwetu bado wanalipa kutoka mfukoni, tena siku ambayo hawakupanga kuugua.

Basi ukija, njoo na cheti cha daktari pamoja na boksi la zamani, hata kama limechanika. Uliza: "Jina la dawa yenyewe ni lipi, na ipo ya bei gani?" Tutakuwekea maboksi yote mezani, usome mwenyewe. Kama pesa haitoshi mwezi mzima, sema kabla hujaanza kuruka siku. Kupima presha hatutozi. Anayechukua insulini aje na chupa ya chai yenye maji baridi, jua la Kigoma mnalijua.