Barua kwa Mwanangu: Chai ya Kijani ni ya Kikombe na Sufuria

Tukuyu

Mwanangu Tumaini,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi huku ni wazima, mvua ya Rungwe inanyesha kama ilivyo desturi yake, na baba yako yuko shambani anachuma. Hamjambo huko Dar es Salaam? Mume wangu mdogo ananyonya vizuri? Picha uliyotuma nimeionyesha majirani wote, na kila mmoja anasema amechukua paji la uso la babu yake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na kuurudia. Umeuliza kama vile vidonge vya chai ya kijani anavyouza mwenzako kazini vitakupunguza mwili baada ya uzazi, na kama chai ninayotengeneza mimi hapa nyumbani inaweza kufanya kazi hiyohiyo. Nianze na vidonge ili usisubiri: usivinunue, na kama umeshavinunua, usivimeze.

Sisemi kwamba chai ni sumu. Ndani ya jani mna kemikali ziitwazo katekini, na iliyo maarufu zaidi wataalamu huiandika EGCG. Anayekunywa vikombe vyake viwili vitatu kwa siku huipata kidogokidogo, ndani ya maji mengi, na mwili unaimudu. Kidonge hukusanya kiasi kikubwa na kukitua tumboni kwa mkupuo, mara nyingi tumbo likiwa tupu, kwa sababu anayetaka kupungua hali chakula. Mwaka 2018 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilipitia jambo hili ikaona kwamba EGCG ya vidonge ikifika miligramu 800 kwa siku, vipimo vya ini huanza kupanda. Wapo watu walioumia ini kweli kwa vidonge vya namna hii. Na faida yenyewe? Mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kupitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye uzito mkubwa, wakakuta uzito uliopungua ni mdogo mno, usio na maana kwa afya. Kwa nini uliweke ini lako rehani kwa ajili ya hicho, tena ukiwa unanyonyesha? Umebeba mtoto miezi tisa, mama. Mwili utarudi kwa wakati wake.

Sasa tuzungumze chai yenyewe, maana hiyo naipenda na nataka nawe uipende kwa sababu zilizo sawa.

Umekulia katikati ya michai, ila uliyozoea kunywa ni nyeusi ya kiwandani. Mti ni uleule. Jani likifika kiwandani hunyaushwa, husagwa, kisha huachwa lichachuke: utomvu wake unakutana na hewa, linageuka kahawia kama ndizi mbichi iliyomenywa ikasahaulika mezani. Likifikia rangi inayotakiwa ndipo hukaushwa. Chai ya kijani huzuiwa isifike huko. Jani hupigwa moto mapema, na moto huo unakizima kimeng'enya kinachoibadilisha rangi. Wajapani hutumia mvuke, Wachina wengi hukaanga kwenye karai kavu. Mimi nakaanga, kwa kuwa karai ninalo na ladha inayotoka naiona ina joto zaidi.

Nakuandikia namna ninavyofanya, ili siku ukija likizo tufanye wote. Nachuma asubuhi umande ukishakauka, majani mawili na kichipukizi chake tu, yale laini yanayokatika bila kuvutwa. Nayatandaza kwenye ungo kivulini yapunguze maji. Karai liwe kavu kabisa, bila tone la mafuta wala harufu ya kitunguu cha jana, kwa sababu chai hunyonya kila harufu inayopita jirani. Natia konzi mbili kwa mara moja na kugeuza kwa mwiko bila kupumzika. Baada ya dakika tatu hadi tano majani yamenywea, ule ukali wa majani mabichi umeondoka puani, na inakuja harufu tamu inayonikumbusha mahindi machanga. Hapo nayamwaga kwenye ungo nayasugua kwa viganja, nayaviringisha mpaka yajikunje na utomvu upande juu ya jani, maana huo ndio utakaoyeyuka kikombeni. Kisha yanarudi karaini kwa moto mdogo sana, polepole, hadi jani likivunjwa liwe na mlio. Kilo moja kavu inakula zaidi ya kilo nne za majani mabichi, kwa hiyo ukiona kipakiti nilichokutumia ni kidogo, usidhani ni uchoyo.

Kuiandaa ndipo wengi wanapoharibu, halafu wanaisingizia chai kwamba ni chungu. Wanaichemsha jikoni kama chai ya rangi. Chai ya kijani haichemshwi. Chemsha maji peke yake, epua, acha birika wazi kama dakika tano mpaka joto lishuke kwenye nyuzi 80 hivi. Weka kijiko kimoja cha chai cha majani kwa kikombe, mimina maji, subiri dakika mbili, chuja. Majani yetu ni mapana, yale ya asili ya Assam kule India, nayo yana ukali kuliko yale madogo ya China na Japani, kwa hiyo usiyaache yakalala ndani. Usiyatupe pia, yanatoa kikombe cha pili, na mimi cha pili nakipenda kuliko cha kwanza. Sukari jaribu kuiacha. Ukishindwa, weka asali kidogo, na upunguze wiki hadi wiki.

Tena usiinywe ikiunguza. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba kinywaji chochote cha moto unaozidi nyuzi 65, kiwe chai, kahawa au maji matupu, huenda kinasababisha saratani ya umio. Saratani hiyo inatesa watu wengi Afrika Mashariki, na sisi ndio tunaosifiana kwa kunywa chai inayofuka. Acha ipoe mpaka uweze kuinywa bila kuvuta hewa kwa midomo.

Hapa sasa nazungumza kama muuguzi, maana miaka yangu ya kliniki ya mama na mtoto haijanitoka. Ulipokuwa mjamzito damu yako ilikuwa pungufu, na sijasahau namba zile. Chai, ya kijani na nyeusi vilevile, inashika madini ya chuma yaliyo kwenye maharage, mchicha na nafaka, mwili usiyapate vizuri. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana. Nimewaona wakina mama wengi wakimeza vidonge vya kuongeza damu kwa chai, kila siku, kwa moyo mmoja, na damu haipandi. Vidonge vyako meza kwa maji au juisi ya machungwa. Chai ikae mbali na mlo, walau saa nzima baada ya kula. Kikombe cha saa nne asubuhi na kingine cha saa kumi jioni vinakutosha kabisa. Ukikamulia ndimu kwenye chai unasaidia pia, kwa kuwa vitamini C inarahisisha chuma kuingia.

Kafeini iliyomo kwenye kikombe ni kama miligramu 30, ndogo kuliko ya kahawa, lakini sehemu yake inapita kwenye maziwa. Wataalamu wa Ulaya wanamwekea mama anayenyonyesha kikomo cha miligramu 200 kwa siku kutoka vyanzo vyote, na hapo hesabu pia kahawa ya ofisini na soda za kola. Mtoto akianza kukesha, punguza. Na yeye mwenyewe asionjeshwe chai ya aina yoyote, hata kwa kijiko, hata shangazi akisema ni ya kumtuliza tumbo. Mpaka afike miezi sita ni maziwa yako tu, na hata akianza chakula, chai si ya kwake.

Ukiniuliza basi faida yake iko wapi, nitakujibu kwa kadiri ninavyoamini. Kule Japani, mkoa wa Miyagi, watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 kwa miaka hadi 11, na kwa sababu za vifo miaka hadi saba, wakachapisha matokeo mwaka 2006. Waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa wachache zaidi kwa magonjwa ya moyo na kiharusi kuliko waliokunywa chini ya kimoja, na tofauti ilionekana zaidi kwa wanawake. Kwa saratani hawakuona tofauti. Utafiti wa namna hiyo unaangalia tu watu wanavyoishi, hauthibitishi kwamba chai peke yake ndiyo iliyofanya kazi, kwa hiyo nisikudanganye. Ninachokiona kwa macho yangu ni kingine: baba yako alikuwa na vikombe vyake vya chai ya maziwa, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, na akatia soda mchana. Tangu aanze ya kijani bila sukari, ile sukari yote haiingii tena mwilini mwake. Hilo peke yake, kwa mtu wa umri wake, ni kubwa.

Nikuachie na mapishi, maana najua jikoni ndipo unapotulia.

Wajapani wana chakula kiitwacho ochazuke: wali uliokwisha kupikwa unamiminiwa chai ya moto, juu yake samaki, mwani au achari. Mimi nilipousikia nilifikiria moja kwa moja mchele wa Kyela na usipa, vile visamaki vidogo vya Ziwa Nyasa, na nikaona hapa tumeumbiwa. Chukua kiporo cha wali, kipashe moto. Usipa wakaange wakavu mpaka wavunjike mdomoni kwa mlio, na chumvi kidogo. Pasua tangawizi nyembamba, kata pilipili mbuzi bila mbegu, na kitunguu kibichi kilichooshwa kwa chumvi. Tengeneza chai ya kijani iliyokolea kidogo kuliko ya kunywa, mimina pembeni mwa bakuli mpaka ifike nusu ya wali, kisha panga usipa juu ili wasilowe. Kamulia ndimu. Ukila, chota wali, chai na samaki kwa pamoja. Ni chakula chepesi cha mtu aliyechoka, na kiporo kinapata heshima yake. Kwa kuwa chai inaingia kwenye mlo, wewe upike mara mojamoja tu mpaka damu ikae sawa. Mkwe wangu anaweza kula hata kila Jumamosi.

Ukipita soko la samaki la Feri na kukuta kamba wabichi, Wachina wa Hangzhou wana pishi lao la kamba na chai ya Longjing, ambayo ni ya kijani ya kukaanga kama yangu. Menya kamba nusu kilo, wakaushe kwa kitambaa, wapake ute wa yai moja, chumvi na kijiko cha wanga wa mahindi, wakae kwenye friji nusu saa. Loweka kijiko cha chai kwenye maji ya moto robo kikombe. Pasha mafuta, tia kamba, geuza haraka mpaka wabadilike rangi, kisha mwaga chai pamoja na majani yake machache na uepue mara moja. Usiongeze vitunguu swaumu wala bizari, vitaimeza harufu ya chai.

Kwa joto la Dar kuna njia rahisi kuliko zote: vijiko vitatu vya majani kwenye lita moja ya maji baridi yaliyochemshwa, weka kwenye friji usiku mzima, asubuhi chuja. Maji baridi hayatoi uchungu mwingi, na kafeini inatoka kidogo. Ongeza juisi ya pesheni au kipande cha mchaichai kilichopondwa. Ukitaka ya moto yenye mchaichai na tangawizi, vichemshe hivyo kwanza, acha vipoe kidogo, ndipo utie chai.

Ule unga wa kijani uliouona dukani, matcha, ni jani zima lililofunikwa kivulini kwa wiki kama tatu kabla ya kuchumwa, kisha likasagwa. Unakunywa jani lote, kwa hiyo kafeini yake ni zaidi. Ni mtamu kwenye keki na aiskrimu, lakini keki ya matcha ni keki. Kula kwa kuifurahia, usiihesabu kuwa dawa.

Mzigo nimempa kondakta leo. Mwombe mkwe wangu akauchukue stendi ya Magufuli kesho asubuhi. Ndani kuna mchele, usipa, tangawizi na chai. Chai ihamishie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na jua na mbali na viungo, na muimalize ndani ya miezi michache maana ikikaa inapoteza harufu. Usianze kuinywa kila siku kabla hujapima wingi wa damu. Nenda kliniki wiki hii, unitumie namba waliyoandika kwenye kadi, nami nitakuambia uanze na kikombe kimoja au viwili.

Msalimie sana mkwe wangu, na umbusu mume wangu mdogo.

Mama yako