Skrini imesawazishwa, mbona nyeupe inavuta njano?

"Kaka, mmeniharibia skrini."

Ujumbe wa aina hii hutufikia usiku, saa chache baada ya fundi wetu kusawazisha skrini, yaani kuipima kwa kifaa na kurekebisha rangi zake, na kutoka studioni kwa mteja. Huwa umeambatana na picha iliyopigwa kwa simu: ukurasa mtupu uliopaswa kuwa mweupe, umekaa rangi ya daftari la zamani. Malalamiko ni halali. Mtu amelipa ili rangi zikae sawa, halafu shela la bibi harusi lililokuwa jeupe pe asubuhi linaonekana kama limelowekwa kwenye maji ya chai, na albamu inatakiwa kwenda kuchapwa kesho. Lakini kabla hatujapanda bodaboda kurudi, tunamwomba ajaribu mambo machache akiwa pale pale kwenye kiti chake. Makala hii ni maelezo hayo hayo, tuliyochoka kuyaandika kipande kipande WhatsApp.

Tuanze na jicho, maana ndilo linaloongoza kwa kutuletea kesi.

Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa na weupe wenye bluu ndani yake, na hilo halitokei kwa bahati mbaya. Dukani, skrini kumi zikipangwa ukutani, yenye bluu na mwanga mkali ndiyo inayoonekana safi kuliko wenzake. Dobi analijua jambo hili tangu zamani, ndiyo maana kanzu nyeupe haitoki kwake bila kupitishwa kwenye maji ya bluu. Weupe wa skrini hupimwa kwa Kelvini, na namba zake zinakwenda kinyume na mtu anavyodhani: kadiri namba inavyopanda ndivyo bluu inavyozidi. Monita za chogo zilikuwa zikiletwa zikiwa kwenye 9300. Za sasa zimeshuka, ila nyingi bado ziko juu ya 6500, na sisi tunazipeleka kwenye 6500 kwa sababu ndiyo nyeupe ya sRGB, mfumo wa rangi uliopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kupitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1999. Picha nyingi unazopakia mtandaoni au kupeleka kwa mchapaji zimeandaliwa kwa kutegemea weupe huo.

Sasa jicho lililokaa miaka mitatu na nyeupe ya bluu, ukiliondolea bluu ghafla, linaona njano. Halijaumwa, halijazoea tu. Kwa hiyo usibonyeze mara ishirini kile kitufe cha programu ya kusawazisha kinachoonyesha kabla na baada. Kila ukibonyeza unalirudisha jicho kule lilikotoka. Usiweke simu kando ya skrini uifanye shahidi, kwani simu nayo ina weupe wake. Jaza skrini nzima kwa kijivu kitupu, zima skrini ya pili kama unayo, toka nje ukanywe chai, kisha rudi uitazame dakika tano bila kuangalia pengine. Wengi hapo ndipo wanapotuandikia tena: "Basi kaka, imekaa."

Kama haikukaa, angalia inavuta rangi gani. Njano kidogo haitutishi. Mwanga wa jua wenyewe huzunguka kati ya njano na bluu tangu alfajiri hadi jioni, na macho yamezoea kuufuata. Kijani na waridi ni jambo jingine. Skrini iliyovuta kijani haizoeleki hata ukiitazama mwezi mzima, na sura za watu zinakuwa kama za wagonjwa. Ukituambia kijani au waridi, tunachukua begi la vifaa bila maswali mengi.

Nilisema ujumbe hufika usiku. Kuna sababu. Windows ina kipengele kinachoitwa Night Light, na kikiwashwa kwa ratiba yake ya kawaida hufuata kuchwa na kuchomoza kwa jua. Ikifika saa kumi na mbili na nusu hivi jioni, skrini inaanza kupakwa rangi ya chungwa taratibu mpaka huioni ikibadilika. Kwenye Mac kuna Night Shift, na pia True Tone inayofuata taa za chumbani. Wengine wana f.lux, programu inayofanya kazi hiyo hiyo, waliyoiweka zamani wakaisahau. Monita zenyewe nazo huwa na hali ya kulinda macho kwenye vitufe vyake. Zima vyote. Na kwa wenye laptop: umeme ukikatika na mashine ikahamia kwenye betri, zipo zinazobadilisha mwanga na rangi ili kubana matumizi. Usihukumu rangi ukiwa kwenye betri.

Tukivuka hapo tunaingia kwenye kompyuta yenyewe, na ningeomba usome sehemu hii polepole. Usawazishaji huacha vitu viwili nyuma yake. Cha kwanza ni jedwali la marekebisho linalopakiwa kwenye kadi ya grafiki kila kompyuta inapowaka. Hilo hugusa kila kitu unachokiona, kuanzia picha ya mezani hadi maandishi ya barua pepe. Cha pili ni profaili ya ICC, faili dogo linaloeleza tabia ya skrini yako. Profaili haigusi kitu chenyewe. Inasomwa tu na programu zinazoielewa, kama Photoshop na Lightroom, nazo ndizo hugeuza rangi kabla ya kuzionyesha.

Basi fungua picha moja ya kijivu ndani ya Photoshop, na nyingine kama hiyo uiweke iwe picha ya mezani. Zikivuta rangi zote mbili, tatizo liko kwenye jedwali au kwenye vitufe vya monita. Ikivuta ya Photoshop peke yake, profaili ndiyo mkosaji. Ukitaka kuitoa picha yenyewe kwenye orodha ya watuhumiwa, iguse kwa kile kifaa cha Photoshop cha kuchukulia rangi (Eyedropper): namba za nyekundu, kijani na bluu zikilingana, faili halina hatia.

Tunachokutana nacho mara kwa mara kwenye Windows ni profaili ya kiwandani iliyoingia yenyewe pamoja na masasisho na kukalia nafasi ya ile tuliyoitengeneza. Dalili yake ni kwamba picha kwenye programu ya kutazamia zina nyeupe ya njano wakati madirisha mengine yako safi. Nenda Color Management, chagua skrini yako, irudishe profaili yetu iwe ya msingi. Jina lake lina tarehe tuliyokuja. Kama huioni, weka ya sRGB kwa muda uone njano inaondoka au la. Kesi nyingine ni jedwali kudondoka baada ya kompyuta kulala, au dereva wa grafiki (programu inayoendesha kadi ya grafiki) kusasishwa, au gemu kufunguliwa. Ukiwasha upya linarudi. Kesi ya tatu ni programu mbili za kusawazisha zinazogombania jedwali lile lile, ya zamani ikiwaka baada ya mpya na kuifuta kazi yake. Kwa wenye skrini mbili, mara nyingine waya zimebadilishwa wakati wa kufagia, profaili ya hii ikavishwa ile.

Lipo kosa moja ambalo, niseme ukweli, linaniudhi, kwa sababu linaharibu kazi badala ya kuharibu skrini tu. Mtu anachukua profaili ya monita tuliyomtengenezea na kuiweka ndani ya Photoshop kuwa nafasi yake ya kufanyia kazi (working space), yaani mfumo wa rangi ambao picha zinahaririwa ndani yake. Kwake rangi zinaonekana nzuri. Akituma faili kwa mchapaji, zinageuka. Profaili ya skrini ni ya skrini. Ndani ya Photoshop baki na sRGB au Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi ulio mpana zaidi.

Kijani na waridi tulizozikimbia pale juu mara nyingi hutoka kwenye kifaa cha kupimia. Kile kidude kinachoning'inizwa mbele ya kioo kina vichujio vinavyojaribu kuiga jicho la binadamu, lakini haviigi sawasawa. Ndiyo maana programu inakuuliza skrini yako ina mwanga wa aina gani: taa za mirija za zamani, LED nyeupe, LED za rangi pana, au OLED. Ukichagua visivyo, kifaa kinasahihisha kosa ambalo halipo na kukuachia kosa jipya. Wengi wanaojifanyia wenyewe hupita swali hilo kwa kubonyeza endelea. Halafu kuna umri. Vifaa vya zamani vilitumia vichujio vya kemikali ambavyo huchujuka kwa mwanga na unyevunyevu, na sisi wa pwani tunajua unyevu unavyoweza kutafuna hata lenzi ya kamera ndani ya kabati. Vya kwetu vinalala kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kama uliazima kifaa kwa rafiki aliyekinunua akiwa bado chuo, shuku kifaa kabla ya skrini. Na monita iwe imewaka nusu saa kabla ya kupimwa.

Hata vipimo vikiwa sahihi kabisa, skrini mbili za teknolojia tofauti zinaweza kuandika namba moja na bado zikaonekana tofauti. Hesabu za rangi tunazotumia duniani zinatokana na kiwango cha mwaka 1931 cha CIE, tume ya kimataifa ya mwanga na rangi, kilichojengwa juu ya majaribio ya watafiti Wright na Guild huko Uingereza. Wright alipima watu 10, Guild 7. Macho ya watu 17 ndiyo yanayowawakilisha wanadamu wote, likiwemo lako. Kwa LED za rangi pana na OLED tofauti hiyo hujitokeza zaidi. Tukikuta hali hii tunaacha namba kidogo: skrini moja inakuwa kiongozi, ya pili tunaivuta kwa jicho mpaka nyeupe zifanane, kisha tunaipima upya ili profaili ifuate.

Wenye laptop za bei ya chini huona rangi kwenye vivuli tu, au mistari kwenye anga la picha. Monita ya mezani ina vitufe vya kupunguza nyekundu, kijani na bluu kwenye kioo chenyewe. Laptop haina, kwa hiyo kila tunachopunguza kinatoka kwenye ngazi 256 za kadi ya grafiki, yaani hatua za kila rangi kutoka giza hadi mwanga kamili. Bluu ikikatwa hadi asilimia 85, zinabaki ngazi kama 217, na zilizokosekana zinaonekana. Kwa mashine za namna hiyo siku hizi tunashauri kuuacha weupe wake wa asili na kusawazisha mteremko wa mwanga tu (gamma), yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka nyeusi hadi nyeupe. Hatutakuuzia 6500 kwenye kioo kisichoiweza.

Chumba nacho. Tulirudi mara mbili kwa mteja aliyesema skrini ina waridi, vipimo vikawa safi mara zote mbili, mpaka fundi alipogeuka akatazama nyuma yake: ukuta mzima umepakwa kijani cha ndimu, taa inaugonga na kurudi machoni. Tulitundika kitambaa cha kijivu tukaondoka. Ukilinganisha skrini na picha iliyochapwa, usifanye hivyo chini ya balbu ya njano ya sebuleni. Karatasi itazame kwenye mwanga wa Kelvini 5000, ambao ndio wachapaji wanaoutumia.

Marudio ndani ya wiki mbili hatutozi, hata kama kosa ni Night Light. Ila unapotuandikia, tutajie namba ya modeli iliyo nyuma ya monita, rangi inavuta wapi, inaonekana kwenye programu zipi, na ilianza saa ngapi. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hatuihitaji, kwa sababu kamera ya simu hujisahihishia weupe yenyewe na kile tunachokiona huku sicho unachokiona wewe.