Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayeingia darasa la kwantamu

Marahaba mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa dakika sita niliusikiliza kwenye daladala, nikaurudia nyumbani. Kumbe kinachokutisha si mtihani. Kuna kaka wa mwaka wa tatu kakwambia kwantamu, ile fizikia ya vitu vidogo kama elektroni na atomu, haieleweki, ni ya kukariri tu, na wewe tangu ukiwa PCM (fizikia, kemia na hesabu) hujawahi kufaulu kitu usichokielewa. Najibu hadharani kwa sababu wenzako nao wameniuliza hilohilo, na sina pumzi ya kurekodi dakika sita mara nne.

Nianze na aibu yangu. Kwantamu nilisapu, yaani nilifeli nikarudia mtihani.

Mwaka ule kitabu cha kozi kilikuwa nakala moja tu maktaba, na bumu, pesa yetu ya mkopo, lilikuwa limechelewa. Tukategemea desa: fotokopi ya fotokopi ya daftari la mtu aliyemaliza kabla yetu, tuliyoinunua stesheneri moja karibu na geti. Katika kurudufiwa huko, kinyota kidogo kinachokaa begani mwa ψ, herufi ya wimbi la elektroni, kilikuwa kimefutika. Kurasa zote. Mimi nikawa sijui kama kuna kinyota. Kila nilipotakiwa kutafuta uwezekano wa kuikuta elektroni mahali fulani nilizidisha ψ kwa ψ, na jibu likatoka na i, ile namba isiyo halisi, ndani yake. Uwezekano wenye i! Ni kama kuambiwa mvua ya kesho ni asilimia mzizi wa hasi moja. Na sikushtuka. Nilijiambia, si walisema kwantamu haieleweki? Basi ndiyo hii.

Wiki tano nilikwenda hivyo.

Chukua namba 3 + 4i. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata −7 + 24i, kitu ambacho hakiwezi kuwa kipimo cha uwezekano wa jambo lolote. Ukiizidisha kwa mwenza wake, 3 − 4i, unapata 25, namba halisi na chanya. Kazi ya kinyota ni hiyo tu: kila penye i, weka hasi i. Nilipokuja kujua, nilifarijika kidogo kusoma kwamba mwanafizikia Max Born, aliyetoa wazo la kulisoma wimbi la Schrödinger (hiyo ψ) kama uwezekano mwaka 1926, naye hakuanza sawa: aliandika ψ yenyewe, bila kuizidisha kwa mwenza wake. Alisahihisha kwenye tanbihi wakati makala inaelekea kuchapwa. Mwaka 1954 alipewa Nobel. Mimi nilipewa sapu ya mwezi wa tisa.

Ndiyo maana neno "haieleweki" nalichukia. Linakuondolea mshtuko, na katika somo hili mshtuko ndio unaokwambia umekosea hesabu. Watu hupenda kumtaja mwanafizikia Feynman, aliyesema kwenye mihadhara yake ya chuo cha Cornell mwaka 1964 kwamba hakuna anayeielewa kwantamu. Sawa, alisema. Lakini alikuwa tayari ameshahesabu nayo vitu ambavyo vilikuja kumpa Nobel mwaka uliofuata. Wewe hujamaliza hata zoezi la kwanza, huna haki ya kulitumia neno lake.

Utakachokutana nacho darasani, kwa kweli, ni vekta, matrisi, namba changamano na kalkulasi. Rudia matrisi kabla chuo hakijafunguliwa. Mwalimu atadhani mnazikumbuka, nanyi mtaona aibu kusema hamzikumbuki, na wiki tatu zitapita hivyo.

Kisha atakuleteeni elektroni iliyofungiwa ndani ya kisanduku chenye kuta zisizopenyeka. Hapo usiwe na haraka. Umekiona kile chombo cha taarabu kinachoitwa kanuni? (Ndiyo, kanuni, jina moja na kanuni za fizikia, na sijawahi kuacha kulifurahia hilo.) Uzi wake umefungwa ncha zote mbili, kwa hiyo hauwezi kutikisika ovyo. Katikati ya ncha hizo sharti ziingie nusu-wimbi moja, au mbili, au tatu. Mbili na robo haziingii. Elektroni nayo ni hivyohivyo, ila kwake kila mtikisiko una nishati yake. Ndipo viwango vya nishati vinapotokea, bila muujiza wowote: kwa sababu tu ncha zimefungwa.

Sasa fanya mwenyewe, kwa mkono. Upana wa kisanduku uwe nanomita 1. Kanuni ya nishati ni n²h² gawanya kwa 8mL²: n ni idadi ya nusu-wimbi, h ni namba ya Planck, m ni masi ya elektroni, L ni upana wa kisanduku. Mimi nililifanya zoezi hili nikisubiri sapu, nimekaa kwenye kimbweta saa tatu usiku, mbu wananila, kalkuleta ya kuazima. Kiwango cha kwanza kikatoka elektroni-volti (kipimo kidogo cha nishati) 0.376. Cha pili ni mara nne ya hapo, 1.50. Tofauti yao ni 1.13 hivi. Ina maana elektroni ikishuka kutoka cha pili kwenda cha kwanza inatoa mwanga wa urefu wa wimbi karibu nanomita 1,100, mwanga ambao jicho halioni. Nikaweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza kwantamu ilikuwa imenipa kitu ambacho mtu angeweza kukipima.

Paneli ya sola iliyo juu ya bati la bibi ni silikoni, na pengo la nishati la silikoni, yaani nishati ya chini kabisa ya kuirusha elektroni yake iweze kubeba umeme, ni elektroni-volti 1.1 hivi. Namba hizo mbili kukaribiana ni bahati tu, usije ukaandika kwenye mtihani. Lakini pengo lenyewe si bahati. Limetokana na elektroni kubanwa na mpangilio wa atomu, na mwanga wenye nishati pungufu ya hapo hupita bila kuchaji simu ya mtu.

Jaribu pia n = 0, uone kwa nini tunaikataa. Ni uzi usiotikisika kabisa, na wimbi lisilokuwepo ni elektroni isiyokuwepo. Nusu ya darasa letu tulikosa swali hilo.

Kuna mahali pamoja tu ambapo nakubali ukae, uinamishe kichwa, useme hii ni ajabu. Ni kwenye sumaku za wanafizikia Stern na Gerlach. Mwaka 1922, huko Frankfurt, walipitisha atomu za fedha kwenye uga sumaku usiolingana juu na chini, wakapata mafungu mawili badala ya utando mmoja uliosambaa. (Stern alikuja kusimulia kwamba alama ya fedha haikuonekana mpaka alipoipumulia. Alikuwa akivuta sigara za bei rahisi zenye salfa nyingi, mshahara wake ukiwa mdogo, na salfa ikaigeuza fedha kuwa nyeusi.) Sasa fikiria sumaku tatu mfululizo. Ya kwanza inatenganisha za juu na za chini. Za chini tupa. Zilizobaki zipitishe kwenye sumaku iliyolazwa ubavu, nusu zinakwenda kulia, nusu kushoto. Za kushoto tupa. Zilizobaki zirudishe kwenye sumaku iliyosimama kama ile ya kwanza.

Wewe umechambua mchele tangu mdogo. Ukishatoa mawe, ukaja kuuchambua tena kutoa chenga, mawe hayarudi kwenye ungo. Hapa yanarudi. Nusu ya atomu zinakwenda chini, zile ambazo ulishazitupa zote mwanzoni. Swali la ubavuni limelifuta jibu la juu na chini. Na matrisi mbili za 2 × 2 zinazosimama badala ya maswali hayo mawili, ukizizidisha kwa mpangilio huu kisha kwa mpangilio mwingine, zinakupa majibu tofauti. Ajabu yote imekaa humo, na unaweza kuihesabu kwa dakika kumi.

Paka wa Schrödinger, yule wa hadithi anayesemwa yu hai na amekufa kwa pamoja, mwache kwanza, atakupotezea muda. Na yule jirani anayemuuzia mama kidani cha "nguvu za kwantamu" cha kuondoa shinikizo la damu, mwambie mama aendelee na dawa za hospitali. Ukishasoma hata sura mbili utaweza kumuuliza yule jirani mlinganyo wake uko wapi.

Desa langu nimelipeleka kwenye basi la Ijumaa, liko kwenye bahasha ya kaki, nimemwachia konda namba yako. Nyota zote nimezirudisha kwa kalamu nyekundu, moja moja. Ukurasa wa 61 una doa la chai. Chini ya doa kuna hasi, usiisahau.