Kaka, kile kiti

Kaka, shikamoo. Nakuandikia hapa kwa sababu simu zangu hupokei, na najua mwanao akiisoma hii atakusomea.

Mwanao kaniuliza habari za viza. Mchumba wake wa Melbourne anamwambia aje kwanza kutembea, maombi watayajaza akishafika. Mkataze. Wafunge ndoa, aombe viza ya mwenza akiwa hapohapo Tanga, asubiri kwako hata ikichukua mwaka na zaidi. Ikitoka, ingawa ni ya muda, ataingia na kutoka Australia apendavyo. Asifanye nilivyofanya mimi. Mimi niliombea huku, na viza ya matembezi ilipoisha nikabaki na hii wanayoiita viza ya daraja. Daraja gani hilo, la kwendea tu! Ya herufi A inakuruhusu kukaa. Ukitoka nje ya nchi, imekufa, na hurudi mpaka upate viza nyingine. Mwenye safari inambidi aombe kwanza ya herufi B, akiwa bado ndani, aeleze anakwenda kufanya nini, na kama ni msiba alete ushahidi.

Ndiyo maana nilikuomba kibali cha mazishi ya mama, kaka. Uliponipigia ilikuwa alfajiri kwenu, huku adhuhuri. Nikalia, kisha nikakwambia, "Nipigie picha kile kibali." Ukanijibu, "Mama hajatoka ndani, wewe unataka karatasi?" Ukakata. Nakiri wakati ule haukuwa wake. Lakini ningemwomba nani? Na hata ningekuwa na mabawa nisingewahi: alizikwa baada ya Alasiri siku ileile. Huku ilikuwa inakaribia saa sita ya usiku, nimekaa sakafuni jikoni, mume wangu kashika simu, picha inakatika kila dakika.

Kibali nilitumiwa na shangazi. Nikafika siku ya kumi na sita.

Hapo ndipo pananikaba. Nimeingia barabara ya 15 na begi langu, kina mama wamejaa ukumbini, wako chini kwenye mikeka. Mimi binti wa marehemu, nimeshavua viatu. Ukasimama mlangoni ukaita, "Mgeni kafika, mpeni kiti." Na kiti kikaletwa! Kile cha plastiki cha buluu, cha kukodi. Nikakikalia, maana ningekataa ningekuwa nimekuvunjia heshima mbele za watu. Nikawa juu peke yangu, watu wote wako chini, magoti yangu yako sawa na nyuso za shangazi zangu. Hakuna aliyenikumbatia mpaka nilipoinama mwenyewe.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka hospitali ya Bombo nilipovunjika mkono. Uliuza baiskeli yako nikalipiwa ada ya kidato cha tano. Hayo sijayasahau, na usidhani nayaandika kukulipa.

Ila kuna jambo sijakwambia. Niliposema viza imenipa wiki mbili tu, nikaondoka kabla ya arobaini, nilikudanganya. Ilinipa miezi mitatu. Nilikwenda uwanja wa ndege na muda wangu karibu wote mkononi. Nilikuwa na haki ya kuondoka, nadhani. Nani angekaa siku nyingine kwenye kiti kile? Mume wangu alishangaa kuniona, nami nikamwambia mmeshamaliza shughuli. Naye nikamdanganya. (Akitumia programu ya kutafsiri leo atajua. Basi na ajue.)

Sasa viza ya mwenza imetoka, ile ya muda. Siombi tena ruhusa ya kusafiri, nakata tiketi tu. Nataka kuja kwenye dua ya mwaka, nipike mimi, na mbuzi atakuwa wangu. Usininunulie soda za wageni.

Na ule mkeka wa mama wa ukindu, wenye mistari ya zambarau, uko kwako au aliuchukua shangazi?