Kovu la kufichika si hoja ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa upasuaji wa saratani ya matiti unaobakiza ngozi na chuchu. Wasomaji waliotangulia wamesifu jambo moja tu, kwamba daktari akipasua kwenye mkunjo wa chini ya titi kovu halionekani. Ni kweli, lakini mimi niliyefanya kazi ya uuguzi katika chumba cha upasuaji kwa miaka mingi nasema hilo hufikiriwa mwishoni, baada ya kujua damu itafikaje kwenye chuchu.

Nyama ya titi ikishatolewa yote, chuchu hubaki ikitegemea mishipa midogo ipitayo katika ngozi, kwa kuwa ile iliyokuwa ikipanda kutoka ndani imekwisha kukatwa. Ndiyo maana mkato unaozunguka duara jeusi la chuchu, ingawa humpa daktari njia fupi, hutiliwa shaka zaidi: kadiri unavyozunguka, ndivyo hatari ya chuchu kukosa damu na kufa inavyoongezeka. Mkato wa chini ya titi huiacha mishipa hiyo salama zaidi, ila kwa mwenye titi kubwa au lililolala daktari hufanya kazi kwa mbali, sehemu ya juu karibu na mtulinga hufikika kwa shida, na tezi za kwapani huenda zikahitaji mkato wa pili. Wa ubavuni hufika kote huko, lakini kovu lake halina pa kujificha.

Binti wa kaka yangu alipojiandaa kwa upasuaji huo, daktari alimchora kwa kalamu akiwa ameketi wima, kwa sababu mgonjwa akishalala titi humwagikia upande na mkunjo huhama. Alikwisha kuchora mstari wa ubavuni aliposimamisha kidole ukingoni mwa duara, penye alama nyembamba nyeupe, akauliza ni ya nini. Lilikuwa kovu la uvimbe usio wa saratani alioondolewa akiwa shuleni. Yeye alikuwa amelisahau, na mimi niliyempeleka hospitali siku ile, muuguzi mzima, nilikuwa nimelisahau pia. Daktari akaufuta mstari kwa spiriti, akachora mwingine chini ya titi na mdogo kwapani, ili chuchu isikatiwe damu mara mbili upande ule ule.

Mwigizaji Angelina Jolie wa Marekani, alipoeleza upasuaji wake mwaka 2013, alisema ulianza kwa hatua ya awali ya kuivutia damu zaidi chuchu, wiki mbili kabla ya matiti kutolewa. Wengi hawaipati hatua hiyo, lakini kumtajia daktari makovu ya zamani, uvutaji wa sigara na mionzi uliyowahi kupigwa hakuna gharama. Mgonjwa ajue pia kwamba nyama ya nyuma ya chuchu hupimwa maabara, na ikikutwa na saratani chuchu huondolewa, hata kama mkato ulichaguliwa vizuri namna gani.

Naiomba safu yenu ya afya ichapishe mchoro wa mikato hii mitatu, ili mwanamke aende nao kliniki na kuuliza kwa nini yake ipite hapa na si pale.

Muuguzi mstaafu,
Tanga